Baridi Niliyoazima Al Amerat

Walisema sitaweza. Siku naondoka Unguja kwenda Urusi kusomea ufundi wa majokofu, ami yangu Khalfan aliitazama miguu yangu ndani ya makubadhi akasema, "Huyu atarudi kabla barua yake ya kwanza haijafika." Nilirudi baada ya miaka sita, diploma mkononi. Nilipohamia Maskati, nchi ya babu zangu, jamaa wakasema mtu aliyesomea kugandisha nyama hataweza kukaa ofisini na kalamu. Mwezi uliopita nimestaafu nikiwa mfasiri mkuu wa nyumba yetu ya uchapishaji, na rafu ya vitabu vyangu inataka watu wawili kuihamisha. Kisha, katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi, wakasema sitaweza kumfanya bibi wa Kizanzibari wa miaka thamanini asikilize kitabu cha theluji mpaka ukurasa wa mwisho bila kusinzia. Hilo la tatu lilikaribia kuwa kweli, ndiyo maana naliandika.

Ninyi vijana mliobaki ofisini Ruwi mmeniomba niwaachie maelezo ya kazi. Mishahara nairuka, kwa sababu aliyelipwa anaijua na aliyelipa ameisahau. Vyeo pia naviruka. Kiti changu mlikiona. Nitasema nilivyoanza, vifaa nilivyotumia, aliyenifundisha, na kitabu kimoja kilichonitoa jasho, ingawa kilikuwa cha baridi.

Nilianza kazi nikiwa juu ya ngazi. Ofisi yetu wakati huo ilikuwa vyumba viwili juu ya fundi wa kushona kanzu, na mimi niliitwa kutengeneza kiyoyozi. Nikiwa na bisibisi mdomoni niliona ukutani jalada la kitabu cha Kiswahili kilichokuwa karibu kupelekwa mtamboni, na kichwa chake kilikuwa na makosa mawili. Niliyasema. Mudir Harith, mwenye nyumba ya uchapishaji, aliinua macho.

"Fundi, wewe tengeneza baridi."

"Baridi nishaitengeneza, Sheikh. Sasa natengeneza kitabu."

Akaniuliza kama nina cheti. Nikamwambia nina diploma, ya Urusi. Hakuuliza diploma ya nini, na mimi sikuona sababu ya kumchosha. Wiki iliyofuata nilikuwa na meza, na watu wakaanza kuniita Injinia, jina ambalo sijawahi kulikataa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: penseli, kifutio, kamusi mbili kubwa, na kipimajoto nilichotoka nacho kwenye kazi ya majokofu, ambacho nilikitia mfuko wa kanzu kila siku. Sifasiri katika chumba kilichozidi nyuzi ishirini na nne. Akili ikipata joto inaanza kuruka mistari. Wengine wenu mlinicheka kwa hilo. Vitabu vyenu bado havijatoka, nami sisemi zaidi.

Mwalimu wangu hakuwa na ofisi. Alikuwa Bi Zuwena, mama yake Mudir, aliyekuwa akiishi nyuma ya milima, Al Amerat. Mudir alikulia Maskati, mimi naye tulizungumza Kiarabu, na Kiswahili chake ni cha kuagizia chai, kwa hiyo aliweka utaratibu ambao sijausikia kwingine: kila kitabu cha Kiswahili, kabla ya kuchapwa, kilisomwa kwa sauti mbele ya mama yake, Jumatatu na Alkhamisi baada ya sala ya alasiri. Akisinzia, sura inarudi kwa mfasiri. Kitabu kikimlaza mara tatu, hakichapwi. Nyumba nyingine zina kamati za wahariri. Sisi tulikuwa na usingizi wa Bi Zuwena, na nawaambia, kamati inahongeka, usingizi hauhongeki.

Siku yangu ya kwanza kumsomea aliniacha nimalize ukurasa mmoja, akasema, "Nassor, unansomea kama mtu wa khabari za redio. Nsomee kama unansengenyea jirani." Ushauri huo ni bora kuliko yote niliyopata darasani, na madarasa nimekaa, kama mnavyojua.

Kuna jambo moja nililolifanya katika miaka ile ya mwanzo ambalo lazima niliseme hapa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Alikuja ofisini bwana mmoja, fundi wa mashairi, aliyetaka naye kufasiri. Cheti hakuwa nacho. Niliandika waraka nikautia saini, Mudir akaupitisha: jina la mtu asiye na cheti halitachapwa katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu chochote. Niliamini nalinda hadhi ya taaluma. Pia bwana yule alikuwa akifasiri vizuri kuliko mimi, lakini hilo halikuwemo kwenye waraka. Aliondoka, na tangu hapo kila kitabu changu kikatoka na mstari mmoja chini ya kichwa: Injinia Nassor, Diploma, Urusi.

Sasa kitabu chenyewe. Kilikuwa riwaya ya vijana ya mambo ya ajabu, iliyojengwa juu ya ngano za Kirusi. Mwandishi wake aliandika kwa Kiingereza, na kwa kadiri nilivyoona, Urusi aliifika kwa njia ya maktaba; ndiyo maana Mudir alisema hakuna wa kumpa ila mimi. Ni khabari ya msichana wa miaka kumi na tano, Darina, anayeishi na mama yake kijiji cha msituni. Nyuma ya tanuri la nyumba yao anakaa kizee kidogo mwenye ndevu mpaka magotini, mlinzi wa nyumba. Jirani tajiri anamtorosha kizee kwa uji wa maziwa. Tangu siku hiyo moto hauwaki tena kwa kina Darina, na mama yake anaanza kupoa mwili kidogo kidogo. Msichana anachukua buti kuukuu la sufi nzito, la marehemu baba yake, anavuka mto ulioganda kwenda kumrudisha, maana kizee wa aina ile hakubali kusafiri ndani ya chombo kingine ila kiatu cha zamani.

Hayo ya kizee hayakunishangaza. Mpishi wa hosteli yetu kule alikuwa akimwachia wa kwake maziwa kisahanini kila siku, na paka wa hosteli alikuwa mnene sana.

Mudir aliyasoma maelezo ya jalada, ambayo ndiyo sehemu anayoisoma ya kila kitabu, akaniita.

"Injinia, theluji haiwezi kupunguzwa?"

"Kupunguzwa vipi, Sheikh?"

"Wasomaji wetu wako hapa. Msitu tuufanye shamba la mitende."

"Na mbwa mwitu watatokea wapi kwenye mitende?"

"Weka mbuzi."

"Mbuzi hamli mtu."

"Ndiyo vizuri. Ni kitabu cha watoto."

Niliilinda theluji, niliwalinda mbwa mwitu, nikafasiri sura sita za mwanzo kwa Kiswahili changu safi cha Mjini Unguja, kila sentensi imepigwa pasi. Kisha nikapanda gari kwenda Al Amerat.

Kizee wa nyuma ya tanuri alipita bila taabu. "Wa kwetu Malindi, Unguja, akikaa chini ya ngazi," alisema Bi Zuwena, kama anamzungumzia binamu. Bwana wa msitu, anayewapoteza watu njia mpaka wavae nguo zao ndani nje, naye akapita. Tukafika mtoni. Ilikuwa Julai, kitasa cha mlango wa gari langu nilikuwa nimekishika kwa leso. Ndani ya sebule kiyoyozi kilikuwa kikinguruma, nami nikasoma kwa madaha, "Upepo baridi ulimpuliza Darina usoni, ukampenya kanzuni, ukamzunguka mwili mzima."

Bi Zuwena akafumba macho. "Ya salaam! Raha ilioje!"

"Bi Zuwena, huyu mtoto yumo hatarini. Anakufa."

"Nafe hivyo hivyo, kheri yake. Jana hapa umeme umekatika saa mbili nzima, nkafa mie."

Kisha akalala. Akalala anatabasamu. Alkhamisi nilirudi na sura ileile nimeizidisha: upepo baridi zaidi, maji baridi zaidi, barafu safi inayong'aa. Akauliza nchi hiyo viza yake inapatikana wapi, akalala tena. Ikawa mara mbili.

Nililiona kosa langu njiani kurudi nyumbani Bawshar, nikiwa nyuma ya lori la maji. Maskati baridi ni neema. Mtu akikupenda anakuwashia baridi. Mimi mwenyewe miaka yote ile nimeishi kwa kuiuza, kuitengeneza na kuipima mfukoni, na nilipotakiwa kuandika mtoto anayeganda nimeandika tangazo la viyoyozi. Kosa nililiona; dawa yake sikuwa nayo, nami hilo sikumwambia mtu. Kama bibi angelala mara ya tatu, kazi yangu ya mwisho ingebaki kabatini, na wale waliosema sitaweza wangekuwa na la kusema kwenye sherehe yangu ya kuagwa.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kuomba muda. Aliyetuletea kahawa na tende alikuwa Neema, dada wa kazi wa nyumba ile, mwenyeji wa Makete, kule nyanda za juu za Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na mwaka wake wa pili wa mkataba ulikuwa ukielekea mwisho. Siku zote za kusoma alikuwa akisimama mlangoni na sinia. Nilikuwa nikimwona, lakini kumwona kama unavyoona mlango.

"Baba, samahani," akasema. "Hiyo baridi yako ni ya dukani."

"Ya dukani vipi?"

"Kama ya mall. Mtu anaingia kutoka juani anasema aah. Baridi siyo hivyo."

"Dada, mimi nimekaa Urusi miaka sita. Nina diploma ya baridi."

"Hongera, Baba. Vidole vyako viliwahi kufa?"

Bi Zuwena alicheka mpaka buibui likamdondoka begani. Mimi nilifikiri. Hosteli yetu ilikuwa na joto. Karakana ilikuwa na joto. Siku za baridi kali kabisa nilibaki kitandani na chai, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mwerevu. Na zile mara chache nilizotetemeka, nilitetemeka kwa Kirusi, kati ya wenzangu Warusi, kwa matusi yao. Kwa Kiswahili sikuwahi kutetemeka hata siku moja. Huyu aliyeshika sinia alizaliwa akitetemeka kwa Kiswahili.

Bi Zuwena akatoa ruhusa Neema anieleze baridi yake: nusu saa kila siku ya kusoma, mlango wa jikoni wazi, na kwa sauti ya kutosha ili naye asikie. Nikakaa kwenye kigoda kizingitini, penseli mkononi, Neema akimenya viazi.

"Kwanza haikuumi," alianza. "Kwanza inakunyamazisha. Unataka kuongea, midomo haitaki."

"Halafu?"

"Halafu vidole vinakufa. Umeshika jembe, hujui kama umeshika. Ukirudi motoni ndipo vinalia. Mtu mzima unalia na wewe."

Akaniambia nguo zilizosahauliwa kambani jioni zinavyoamka asubuhi zimekakamaa kama mbao, mpaka suruali ya baba yake ilisimama chini yenyewe, wao watoto wakaipa shikamoo. Akaniambia majani ya viazi yanavyoamka meusi, kama yamepitiwa na moto, na mama yake alivyokwenda kukaa kwenye tuta akiyatazama, asimjibu mtu mpaka mchana. Hapo aliacha kumenya kidogo.

"Na ukiona usingizi mtamu unakuja, joto linakuja lenyewe tu, bila moto, usikae chini, Baba. Wanaokaa hapo ndio wanaobaki."

Nilijaribu kuyavalisha maneno yake nguo za Mjini. Aliposema baridi inakata, mimi nilitafuta namna ya kiungwana zaidi, nikamsomea jinsi nilivyoiandika. Sauti ikatoka kwenye kochi: "Wee Nassor, mwache aseme mwenyewe! Baridi yake, si yako. Kwetu wapi pameganda kitu, ila mabarafu ya ukwaju?"

Hata hivyo mimi ni mtu wa taaluma, na neno silichapi bila kulipima. Nikaenda Sidab, kwenye ghala la samaki ambako zamani nilikuwa nikitengeneza mitambo. Mwangalizi wake, Salim, aliniazima koti lake nene la kazi, nikaingia chumba cha kugandishia, nikalivua koti, nikasimama kati ya nguru waliopangwa kama magogo, kurasa mkononi. Salim akachungulia.

"Injinia, umekuja kununua samaki au kufa?"

"Nimekuja kuhariri."

"Basi harakisha, nina mteja."

Nilimtaka Darina aseme maneno matatu mtoni, nikayajaribu kwa sauti. Midomo yangu ilikataa la pili. Baada ya muda niliona penseli iko sakafuni na sikujua imedondoka lini. Nilipotoka juani vidole vilifufuka, na yaliyofuata yanamhusu Salim na mimi tu. Nilivaa koti lile mpaka nyumbani, mwezi wa Agosti, madirisha yamefungwa. Sura ya mto niliiandika upya kwa siku nne, na mara hii kipimajoto nilikiacha sandukuni.

Tulipofikia kurasa za mwisho Neema aliniuliza swali, bila kuniangalia, akisuuza dalla, birika la kahawa.

"Baba, haya maneno yangu yakichapwa, na mimi nitakuwemo?"

"Kuwemo wapi?"

"Kitabuni. Jina." Akakausha mikono. "Nina binti kidato cha pili. Shuleni wanamwambia mama yako anafua Uarabuni. Ni kweli nafua. Lakini nataka aone na kingine."

Nikamwambia atakuwemo. Niliahidi upesi, kwa ulimi wa mtu anayeona kazi imekaa sawa, na hata waraka wangu sikuukumbuka mpaka nilipofika kwenye gari.

Usomaji wa mwisho wa mto, Mudir mwenyewe alikuja, maana alisikia kitabu kimeshamlaza mama yake mara mbili. Nilisoma kama ninavyosengenya. Darina akafika katikati ya mto. Wanawake waliozama, wanaokaa chini ya barafu, wakamwita kwa jina. Vidole vikafa juu ya buti la baba yake, asijue kama bado amelishika. Usingizi mtamu ukaja. Bi Zuwena alikuwa amekaa mbele ya kochi, mikono ameificha kwapani.

"Asikae chini," akanong'ona. "Nassor, usimkalishe."

Nikageuza ukurasa.

"Harith, zima hiyo AC," akasema. "Nnaona baridi."

Nawaomba muelewe ukubwa wa jambo hili. Agosti, Al Amerat, Bi Zuwena kaomba kiyoyozi kizimwe. Mudir alisimama akakizima, akatuletea na shali. Tulimaliza sura tukiwa tumelowa jasho, yeye tu kajikunja.

"Mashallah, Injinia," akasema Mudir akijipangusa shingo. "Hii ndiyo faida ya diploma ya Urusi."

Neema alikuwa mlangoni na sinia. Aliinama akanimiminia kahawa. Nakiri nilinyamaza muda wa kunywa kikombe kizima. Vikombe vyetu ni vidogo, lakini niliongezewa. Miaka yote nilikuwa nikiingoja sentensi ile, na mwenye sebule, na mwenye kampuni, wote walikuwa tayari kuniachia niondoke nayo.

Nikatikisa kikombe, kuonyesha nimetosheka. "Sheikh, baridi hii si yangu. Ni ya Neema. Mimi nimeiandika tu."

Mudir akatazama huku na huku akitafuta Neema gani. Bi Zuwena akamrahisishia. "Huyo hapo, mwenye sinia. Nlishajua mie. Nassor tangu azaliwe hajatetemeka."

Kesho yake ofisini nilimwambia Mudir jina la Neema Sanga liingie ukurasa wa kwanza, chini ya langu. Alifungua droo, akatoa faili, akanisomea waraka wangu wote pamoja na tarehe.

"Saini hii ya nani, Injinia?"

"Yangu."

"Saini nzuri sana."

Akaniambia angeweza kumshukuru mwishoni mwa kitabu, kwa jumla, pamoja na wahudumu wengine. Nikakataa. Akasema watu watacheka: msichana anayempikia mama yake ndiye mtaalamu wetu?

"Sheikh," nikamwambia, "kila kitabu cha Kiswahili hapa kinapitishwa na mama yako. Cheti cha mama yako kiko wapi?"

Kamau, Mkenya wetu anayepanga kurasa, aliacha kubofya. Bi Zuwena alisoma chuoni Kurani, herufi za Kizungu akajifunzia nyumbani, basi. Skuli hakukanyaga. Mudir alifunga faili pole pole. Si mtu mbaya. Ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akishindwa hoja hutafuta bei.

"Sawa. Waraka nitaufuta. Lakini ukifutwa, umefutwa kwa wote. Vyeti havitajwi tena ukurasa wa kwanza, cha mtu yeyote. Au unabaki kama ulivyo, na wewe unabaki kama ulivyo. Chagua."

Nikaenda kwenye meza ya Kamau. Ukurasa ulikuwa wazi kwenye kioo chake, mstari wangu uko pale ulipokuwa miaka yote.

"Mzee, nifute?"

"Futa."

"Na Injinia pia?"

"Kamau, fanya kazi."

Angeweza kuufuta mstari mzima kwa mara moja. Aliufuta herufi moja moja, kutoka mwisho, akinitazama kila baada ya tatu. "Pole, mzee. Mashine iko slo leo." Urusi ikaenda, Diploma ikaenda, Injinia ikaenda. Kikabaki Nassor, na chini yake Kamau akaandika Neema Sanga, kwa ukubwa uleule. Jina langu lilitangulia kwa sababu ya alfabeti. Sikuliomba, alfabeti ndivyo ilivyo.

Nilimpelekea yule bwana wa mashairi nakala ya waraka uliofutwa, na barua fupi. Yeye hakuniazima kitu, nilimchukulia chake. Hajanijibu, na sitamfuata kumhimiza.

Vitabu vilitoka mtamboni wiki moja baada ya mimi kuagwa, na Alkhamisi ile nilijaza gari nikaenda kulipa madeni. Nilianzia Sidab. Koti la Salim nilikuwa nimelifua mara tatu, likawa halinuki samaki. Alilinusa, akasema si lake. Nilimpa kitabu nikamwonyesha sura ya mto. Alisoma amesimama, mlango wa chumba cha baridi uko wazi nyuma yake, mpaka wafanyakazi wakamgombeza. Kamau nilimpa nakala yake ofisini, naye akanipa bunda la karatasi: kitabu kizima, amekipanga upya kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho ya Bi Zuwena, kwa muda wake mwenyewe. Ilibidi nimshukuru mbele ya watu. Kisha nikavuka milima.

Neema alikuwa akiondoka siku ileile, mkataba umekwisha. Sanduku lake lilikuwa katikati ya sebule, limening'inizwa kwenye mzani wa mkono ambao Bi Zuwena aliushika yeye mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Ujira wa Neema wa kazi ya kitabu nilikuwa nimeshampa. Huo ni mshahara, nao nauruka. Nikamkabidhi nakala nane zilizofungwa kamba.

Hakufungua katikati kama wanavyofanya watu. Alifungua mwanzo, akaweka kidole chini ya jina, akalisoma kwa sauti, yote mawili, Neema na Sanga, kisha akalisoma la juu yake.

"Baba, mbona wewe wamekuandika hivi tu?"

"Nafasi ilikuwa ndogo."

Akanitazama kidogo, akainama, akavitia vitabu sandukuni. Mzani ukapanda.

"Kilo nne zimezidi," akasema Bi Zuwena. "Toa hivyo viwili vitatu."

Neema akaingiza mkono chini ya nguo, akatoa boksi la sahani za udongo, sita, zenye ukingo wa dhahabu, akaliweka juu ya zulia. Bi Zuwena akapiga kofi paja lake.

"Wee! Sahani zangu hizo! Nmekununulia mie mwenyewe, Ruwi, kwa miguu yangu hii!"

"Bibi, nakushukuru sana. Sahani Makete zipo."

Akafunga zipu. Bi Zuwena aliinua sanduku kwenye mzani tena, akasoma, akakaa kochini, akavuta kurasa zake za herufi kubwa mapajani. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilipopiga honi alikuwa ameshafika kwa kizee wa nyuma ya tanuri, na Neema alimbusu mkono juu ya kitabu.

Nilipoaga mimi, Bi Zuwena alinisukumia boksi kwa mguu. Nikarudi Bawshar na sahani sita kwenye kiti cha nyuma, naendesha taratibu kwenye mteremko zisigongane, sidaiwi na mtu.